Mzee akishiba tu hajatunzwa

Ikiwa unafanya kazi Mombasa, Malindi au Nairobi na wazazi wako wamebaki Garsen, Ngao, Tarasaa au Kipini, huenda swali hili limewahi kukunyima usingizi. Mama amezeeka, baba haoni vizuri, na Mto Tana ukifurika huingia hadi mlangoni. Je, umlete mjini ukae naye? Umwajirie mtu wa kumtunza huko huko? Au umtafutie nafasi katika makao ya wazee?

Wengi wetu hulijibu swali hilo kwa kuhesabu vitu. Chakula kipo, kitanda kipo, dawa zipo. Basi mzee ametunzwa. Lakini utaona mzee aliyehamishiwa nyumba ya mawe yenye umeme na maji ya mfereji akinyong'onyea mwezi baada ya mwezi, huku mwenzake aliyebaki katika nyumba ya makuti kando ya mto akicheka na kuwatania wajukuu. Tofauti iko wapi?

Makala haya yanataka kukuonyesha, msomaji, kwamba raha ya mtu katika uzee haitokani sana na mahali alipo. Hutokana zaidi na jinsi anavyoishi hapo, na hasa kama angali na kauli juu ya maisha yake.

MAISHA BORA NI NINI?

Shirika la Afya Duniani, WHO, hueleza ubora wa maisha kuwa ni jinsi mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake, akizingatia utamaduni alimokulia, malengo yake na mambo anayoyatarajia. Zingatia maneno hayo: mtu mwenyewe. Si jinsi mwanawe anavyoyaona, wala daktari, wala mwenye makao.

Mnamo Desemba 1991 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwahudumia wazee. Msingi wake ni mambo matano: kujitegemea, kushiriki katika mambo ya jamii, kutunzwa, kujiendeleza na kuheshimiwa. Utaona kwamba kutunzwa ni jambo moja tu kati ya hayo matano. Sisi mara nyingi hulishughulikia hilo moja na kuyasahau manne.

Katiba ya Kenya ya 2010 nayo imelitamka jambo hili katika kifungu cha 57. Mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi ana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata utunzaji wa kutosha kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kwamba Kenya ina zaidi ya watu milioni 2.7 wa umri huo. Hili basi si jambo la nyumba chache.

KAULI YA MZEE

Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika makao ya wazee ya jimbo la Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba maisha yao yako mikononi mwao. Wapange vyumba vyao wapendavyo, wachague siku ya kutazama sinema, na kila mmoja achague mmea wa kuutunza mwenyewe. Wazee wa ghorofa nyingine waliambiwa kwamba wafanyakazi wako tayari kuwafanyia kila kitu. Nao walipewa mimea, ila wauguzi ndio walioimwagilia maji.

Baada ya wiki tatu, wale waliopewa kauli walikuwa wachangamfu zaidi, wenye furaha na wenye kupenda kuzungumza na wenzao. Ripoti ya baadaye ilisema hata vifo vilikuwa vichache miongoni mwao. Ni haki kueleza kwamba hesabu hiyo ya vifo ilisahihishwa na watafiti wenyewe, ikaonekana haina nguvu kama ilivyodhaniwa mwanzoni. Lakini lile la uchangamfu wauguzi wengi wa wazee hulikubali kwa mambo wanayoyaona kila siku.

Sasa lilete jambo hilo Tana River. Mzee wa Kipokomo aliyelima ukingoni mwa mto maisha yake yote anajua maji yakipungua ni wakati wa kupanda nini, na kila mwembe ulipandwa na nani. Mzee wa Kiorma anajua ng'ombe wapelekwe wapi wakati wa kiangazi na warudishwe lini. Watu hawa wamezoea kuulizwa. Wazee wa Kipokomo wana baraza lao liitwalo Gasa, na Waorma wana lao liitwalo Matadeda. Pakitokea ugomvi wa malisho na mashamba, wazee ndio hutafutwa wakae chini waamue.

Mtu wa namna hiyo umlete mjini, umweke katika chumba cha ndani, umchagulie nguo, chakula, saa ya kuoga na idhaa ya redio. Hujamfanyia ubaya wowote, lakini umemwondolea kazi iliyomfanya ajione ni mtu. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Ukoko huo hauna faida ikiwa hakuna anayeukwangua.

Dawa ya jambo hili haigharimu hata senti moja. Muulize. Leo tupike nini? Mgeni huyu tumpokeeje? Shamba lile tulikodishe au tulipande? Hata mzee asiyeweza kutoka kitandani anaweza kuchagua shuka, kuchagua saa ya kuoga na kukataa uji asioupenda.

MACHO, MASIKIO NA MIGUU

Baada ya kauli huja mwili. Hapa makosa makubwa hutokana na neno moja tunalolipenda sana: "Ni uzee tu." Mzee haoni, ni uzee. Hasikii, ni uzee. Goti linamuuma, ni uzee. Kumbe mengi ya hayo yanatibika, na kuyatibu humrudishia mzee uhuru kuliko zawadi yoyote utakayomletea kutoka mjini.

Anza na macho. Mtoto wa jicho ndio sababu kubwa ya upofu duniani. Mboni huonekana kama ina ukungu, na mzee husema anaona kama kupitia moshi. Upasuaji wake ni wa muda mfupi: daktari huondoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine ya kutengenezwa, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku iyo hiyo. Ikiwa mzee wako yuko upande wa Garsen, uliza katika hospitali ya Ngao ni wapi na lini huduma ya macho inapatikana. Huenda safari ikawa ya Hola au Malindi, na Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Gharama ya safari hiyo ni ndogo ukilinganisha na miaka 10 ya kushikwa mkono kwenda chooni.

Masikio nayo yasipuuzwe. Wakati mwingine mzee aliyeitwa kiziwi ana nta tu iliyoganda sikioni, ambayo mhudumu wa afya huweza kuitoa. Mzee asiyesikia huacha kuchangia mazungumzo, kisha huacha kukaa na watu, kisha watu husema amekuwa mkaidi.

Miguu ndiyo inayomfanya mtu awe huru au awe mfungwa. WHO husema kwamba kati ya watu 100 wenye miaka 65 na zaidi, kati ya 28 na 35 huanguka kila mwaka. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi hapati tena mwendo wake wa zamani. Kwa hivyo tazama njia ya kwenda chooni usiku. Je, ina mwanga? Ina matope, mizizi au kamba ya mbuzi? Kuna kitu cha kushikilia anapochutama na kuinuka? Tochi, bakora yenye mpira chini, viatu visivyoteleza na nguzo mbili za kushikilia chooni ni vitu vya bei nafuu.

Pia usimkataze kutembea kwa kumwonea huruma. Misuli isiyotumiwa hupungua haraka sana uzeeni. Mzee anayeweza kuinuka kitini na kuketi tena mara kadhaa asubuhi na jioni anajenga mapaja yatakayomzuia kuanguka. Mwache achambue mboga, afagie kidogo, atembee hadi kwa jirani.

MAJI NA CHAKULA

Joto la Garsen unalijua. Mtu anapozeeka hisia ya kiu hupungua, hivyo mwili huweza kukauka bila yeye kutaka maji. Isitoshe, wazee wengi hujinyima maji makusudi ili wasisumbue watu usiku kwa safari za choo. Mwekee maji ya kunywa yaliyotibiwa karibu naye, umkumbushe mara kwa mara, hasa mchana. Choo kikiwa mbali, mpatie chombo cha kujisaidia usiku, na kimwagwe asubuhi bila manung'uniko. Ikiwa daktari amempa masharti ya maji kwa sababu ya moyo au figo, yafuate hayo.

Kuhusu chakula, tazama meno kabla ya kumlaumu kwamba hali. Samaki wa mtoni aliyechambuliwa miiba, mayai, maziwa, maharagwe yaliyolainika na maembe yaliyoiva ni vyakula laini vyenye nguvu. Uji mtupu mara tatu kwa siku hushibisha lakini haujengi misuli. Na kila inapowezekana ale pamoja na watu. Sahani iliyopelekwa chumbani na kuachwa mara nyingi hurudi imejaa.

UPWEKE

Upweke ni ugonjwa usioonekana kwa macho. WHO inakadiria kwamba mzee 1 katika kila 4 hivi duniani ametengwa na watu, na kutengwa huko kunahusishwa na maradhi ya moyo, kiharusi, huzuni na kupoteza kumbukumbu. Mtu anaweza kuwa mpweke katika nyumba yenye watu wanane, ikiwa wote hutoka alfajiri na kurudi usiku, au ikiwa wajukuu hawajui lugha yake.

Hili ndilo la kufikiria sana kabla ya kumhamisha mzee. Huko kijijini ana wenzake wa rika, msikiti au kanisa lake, na makaburi ya watu wake. Mjini ana wewe tu, nawe uko kazini. Ikiwa ni lazima ahame, mhamishe kwa hatua. Aje kwanza wiki mbili, arudi, aje tena. Aje na vitu vyake: mkeka wake, kikombe chake, kitanda chake ikiwezekana. Mtafutie watu wa kwao walioko mtaani, na umpe simu ambayo anajua kuitumia bila kuomba msaada.

PESA MKONONI

Mzee mwenye senti zake haongei kama mzee asiye nazo. Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuwapa wazee fedha katika miaka ya 2000, na mwaka 2018 ukapanuliwa kwa jina la Inua Jamii ili kuwafikia wenye miaka 70 na zaidi. Kiwango ni Sh2,000 kwa mwezi, ingawa malipo huweza kuchelewa na kuja kwa mkupuo. Zanzibar nayo ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi Sh20,000 za Tanzania kwa mwezi bila kujali kama aliwahi kuajiriwa.

Fedha hizo si nyingi. Lakini mzee anayeweza kumpa mjukuu sukari, kuchangia mazishi au kununua tumbaku yake bila kuomba hupata heshima ambayo hawezi kuipata kwa mwanawe anayempelekea kila kitu. Kwa hivyo hakikisha mzee wako ana kitambulisho cha taifa, ameandikishwa kwa chifu au afisa wa ustawi wa jamii, na fedha zinafika mkononi mwake. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya NHIF. Mwandikishe huko pia mapema, kabla hajaugua.

USALAMA

Wazee wa Tana River wameona mengi. Mafuriko ya 1997 na 1998 yaliharibu mashamba na makazi. Mengine yalikuja 2018, kisha mwishoni mwa 2023 na tena 2024. Mapigano ya 2012 hadi Januari 2013 katika eneo la delta yaliua watu zaidi ya 100 na kuwafukuza maelfu makwao. Kijana hukimbia, lakini mzee hubebwa au huachwa.

Ikiwa mzee wako anakaa karibu na mto, panga sasa, si mvua zikianza. Nani atambeba? Ataenda nyumba ya nani? Weka dawa zake za presha au kisukari za wiki kadhaa, kadi ya kliniki, kitambulisho na miwani katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na watu wote wa nyumbani wajue ulipo. Kambini, mwombeeni nafasi karibu na choo.

Usalama mwingine ni ule wa ndani ya nyumba. WHO inakadiria kwamba mtu 1 katika kila 6 wenye miaka 60 na zaidi hudhulumiwa kwa namna fulani kila mwaka, na mara nyingi mdhulumu ni mtu wanayejuana. Katika jirani yetu ya Kilifi, wazee wamewahi kuuawa au kufukuzwa kwa madai ya uchawi, huku nyuma ya madai hayo mara nyingi pakiwa na tamaa ya shamba. Kituo cha Kaya Godoma huko Ganze kimewapa hifadhi wazee waliokimbia hatari hiyo. Mvi si ushahidi wa uchawi. Unaposikia maneno hayo yakianza kunong'onwa katika ukoo wako, yakemee mapema na uwaarifu wenye mamlaka.

USISEME NI UZEE

Kuna dalili moja ambayo kila msomaji anapaswa kuijua. Mzee aliyekuwa timamu juzi, leo anachanganyikiwa, anaona vitu visivyokuwapo, au analala mchana kutwa na kuhangaika usiku. Huo si uzee wala si mashetani. Mabadiliko ya ghafla namna hiyo huweza kusababishwa na malaria, maambukizi ya mkojo au mapafu, kukaukiwa na maji, sukari kushuka, au dawa zinazogongana. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa kubwa. Mpeleke hospitali siku iyo hiyo, ukiwa umebeba dawa zake zote anazotumia, pamoja na za mitishamba.

Dalili nyingine ni huzuni isiyoisha. Haongei, hali, hataki wageni, anasema bora Mungu amchukue. Huzuni ya namna hiyo kwa wiki mbili na zaidi ni ugonjwa unaotibika, na wazee hupata nafuu kama vijana. Usiuite ukaidi.

UKIFIKIRIA MAKAO YA WAZEE

Makao ya wazee si jambo la kawaida Tana River, lakini nchini yapo. Nairobi kuna Nyumba ya Wazee ya watawa wa Kikatoliki huko Kasarani, na Mji wa Huruma unaosimamiwa na kaunti. Kikuyu kuna makao ya Thogoto ya kanisa la PCEA. Zanzibar serikali ina makao ya Sebleni na Welezo. Wapo wazee ambao bila mahali kama hapo wasingekuwa na mtu, na si aibu kuyatumia panapohitajika.

Ila usitazame rangi ya kuta. Uliza haya. Mzee anaruhusiwa kuamka na kulala saa anayotaka? Anaweza kuja na vitu vyake? Wageni huja wakati wowote au kwa saa maalumu tu? Usiku kuna wahudumu wangapi, na kwa wazee wangapi? Wahudumu hubisha hodi kabla ya kuingia? Humwita kwa jina na kwa heshima, au humwita kama mtoto? Nani anampa dawa, na daktari huja lini? Kisha keti nusu saa ukiwa kimya utazame kama wazee wanazungumza au wamepangwa ukutani wakitazama televisheni.

Swali hilo la wahudumu ni zito. Katika tafiti zilizokusanywa na WHO, wahudumu 2 kati ya 3 wa makao walikiri kuwahi kumtendea mzee vibaya katika mwaka uliotangulia. Wengi wao ni watu waliochoka, walio wachache, wasiofunzwa. Na uviko ulipoingia Ulaya mwaka 2020, katika baadhi ya nchi karibu nusu ya waliokufa katika wimbi la kwanza walikuwa wakazi wa makao hayo. Kwa hivyo popote utakapompeleka, endelea kufika, na wakati mwingine fika bila kuaga.

Maswali yote hayo, msomaji, yanafaa kuulizwa pia juu ya nyumba yako mwenyewe, na juu ya nyumba ya Garsen unakotuma fedha kila mwisho wa mwezi. Safari ijayo utakapokwenda, usianze na kukagua ghala la chakula. Keti na mzee wako, zima simu, umuulize mambo matatu: ni kitu gani kinachokuuma ambacho hujatuambia? Ni nani ungependa kumwona? Na ni jambo gani tunaloliamua sisi ambalo ungetaka uliamue mwenyewe? Kisha litimize lile la tatu kabla hujapanda basi la kurudi.